Mwenendo wa Ombeni

Namba ilikuwa ngeni, na kwa kawaida Vestina Mlowe hakupokea namba ngeni. Siku ile aliipokea kwa sababu shule moja ya Makambako ilikuwa imeagiza masweta na bado haijamwambia rangi ya mstari wa shingoni. Aliondoa mkono kwenye mashine ya kufuma, akaweka simu sikioni, akanyamaza.

"Kamwene, Da Vesti," sauti ikasema. "Usikate. Ni mimi, Ombeni."

Vestina hakuitikia. Mtu hasemi "ndiyo" wala hataji jina lake kwenye namba asiyoijua. Hata watoto wa chekechea pale Njombe walijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

"Nimeanguka, dada. Nilikuwa juu ya mnara, kamba ikaachia. Mguu umevunjika vibaya. Simu yangu imepotelea huko majanini, hii ni ya tabibu. Sikuombi hela. Sikuombi hata senti. Nidhamini tu, maana Mwenendo haunitambui, na bila hivyo hawawezi..."

Akakata.

Kata, subiri, piga wewe mwenyewe kwa namba unayoijua. Alisubiri kidogo, kisha akapiga namba ya mdogo wake, ileile aliyokuwa nayo tangu aende kufanya kazi kwenye minara ya upepo ya Singida.

"Da Vesti!" Ombeni akapokea, mchangamfu. "Mbona saa hizi? Leo hujaenda kuchukua maziwa?"

Kando ya jina lake taa ndogo ya kijani iliwaka. Mwenendo ulikuwa umemtambua.

"Kuna mtu amenipigia kwa sauti yako," Vestina akasema. "Anasema amevunjika mguu."

"Umeongea naye?"

"Sikumjibu kitu."

"Safi kabisa. Mimi mzima, dada, nimetoka kula sasa hivi. Hiyo namba ifungie, na usiipokee tena. Wamejua kwamba Ijumaa tunafungua kibubu, ndiyo maana wanahangaika." Akacheka kidogo. "Msalimie Mama. Mwambie jioni nitapiga."

Vestina akaifungia ile namba, akarudi kwenye mashine yake. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Hata hivyo, alijikuta amefuma mistari mitatu kwa uzi wa rangi isiyotakiwa, ikabidi aifumue.

*

Miaka mingi ilikuwa imepita tangu sauti na sura za watu zikose thamani. Mtu yeyote mwenye kifaa cha bei rahisi aliweza kuvaa sura ya mkeo, akakaa mbele yako kwenye kioo cha simu na kukuomba namba ya siri huku analia. Watu walimalizwa akiba zao. Ndipo ukaja Mwenendo. Huo haukujali unafananaje. Uliangalia unavyoishi: unaamka lini, unatembea kwa hatua za namna gani, mkate unanunua wapi, ukiandika ujumbe unakosea herufi ipi, chenji yako unaipeleka wapi. Mazoea ya mtu yakawa ndiyo ufunguo wake, na ufunguo huo ndio uliofungua benki, bima, hospitali na mlango wa basi.

Kwa hiyo watu wakayashika mazoea yao kama kamba ya kisimani. Vestina alichukua maziwa kwa mama yuleyule, akapita njia ileile, na kila jioni alitupia masalia ya matumizi yake kwenye kibubu cha familia. Mtu aliyebadilika ghafla bila kuaga kwa wakala wa Mwenendo wiki nzima kabla, ufunguo wake uliganda, na kuuyeyusha kulichukua miezi.

Kibubu chao kilikuwa na funguo tatu: wa Mama, wa Vestina na wa Ombeni. Kilifunguka pale tu wote watatu walipoafiki siku moja, na kikishafunguka, yeyote kati yao aliweza kuhamisha kilichomo. Kilichomo kilikuwa macho ya Mama. Ukungu ulikuwa umeyafunika macho yake kwa miaka, na daktari wa Mbeya alikuwa amewapa nafasi ya upasuaji wiki ijayo.

Jioni ile Mama alikuwa jikoni akimenya viazi kwa kupapasa, na Vestina akaketi kumsaidia. Hakumweleza habari ya simu ile. Mama ndiye aliyeanza.

"Mdogo wako amekuwa mtu mzuri siku hizi," Mama akasema. "Jana nilimsimulia ile kesi ya jirani na mbuzi wake. Nikasimulia mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza yote."

"Ombeni?"

"Ombeni. Hata hakusema ana haraka. Nilipomaliza akaniuliza mbuzi mwenyewe aliishia wapi."

Vestina akaacha kumenya. Tangu utotoni Ombeni hakuwahi kumsikiliza Mama zaidi ya dakika moja. Angesema "sawa Mama, sawa Mama," huku unasikia anatembea, anaongea na watu wengine, anafungua bomba la maji.

"Amekuwa hivyo tangu lini?"

"Wiki hii yote. Kwani ni vibaya?"

"Si vibaya, Mama."

Simu ya Mama ikaita muda uleule wa kila jioni. Taa ya kijani. Mama akajifuta mikono, akatabasamu kabla hajapokea.

*

Kesho yake Vestina aliifungua ile namba aliyoifungia, akaipiga. Alijua kabisa anavunja kanuni. Aliyepokea ni mwanaume mwenye sauti ya kuchoka.

"Tabibu Njiku hapa."

"Kuna mgonjwa alinipigia jana kwa simu yako."

"Wewe ndiye dada yake? Tumekupigia mara nyingi sana, mama. Huyu kijana hali yake si nzuri. Mguu umeingia uchafu. Anatakiwa kuhamishiwa hospitali ya mkoa afanyiwe upasuaji, lakini mfumo haumkubali. Ana wiki nzima amelala chali, hatembei, hanunui kitu, anatumia simu ya mtu. Mwenendo unamwona mgeni. Tena unasema Ombeni Mlowe yuko mtaani anatembea kama kawaida."

Vestina akawaza kwamba hata tabibu anaweza kutengenezwa, pamoja na uchovu wake na kelele za wodi nyuma yake.

"Mpe simu," akasema.

Sauti iliyokuja ilikuwa ya Ombeni, ila nzito na kavu.

"Siku ile Baba alipotuacha barabarani Ilembula," Vestina akamuuliza, "tulikula nini?"

"Dada, sikumbuki. Kichwa hakiko sawa." Akahema. "Nakumbuka ulinipiga kofi."

"Mimi nilikupiga kofi?"

"Ulinipiga. Nilikuwa nalia, ukanipiga."

Vestina akajaribu kulikumbuka kofi hilo. Hakulikumbuka.

"Mko wapi hasa?"

"Kituo cha afya, chini ya mlima wa minara. Ukishuka Singida stendi, mwambie bodaboda yeyote akupeleke minarani. Kama huniamini, dada, njoo. Njoo uone mwenyewe."

Alipokata alipiga namba ya kawaida. Taa ya kijani. Akauliza swali lilelile.

"Mahindi ya kuchoma!" Ombeni akajibu papo hapo. "Ukanipa mimi kipande kikubwa. Nitasahauje, dada?"

Jibu lilikuwa sahihi. Lilikuwa sahihi neno kwa neno, kama Vestina mwenyewe alivyolisimulia kila Krismasi kwenye mkutano wa ukoo wa mtandaoni, mkutano ambao hurekodiwa na kuhifadhiwa kwenye simu zao zote.

*

Wakala wa Mwenendo pale mjini alikuwa Bi Kiswaga, mama mpole aliyevaa sweta lililofumwa na Vestina mwenyewe. Alimsikiliza bila kumkatiza.

"Una njia tatu, mwanangu," akasema. "Ya kwanza ni kufunga. Ufunguo wa Ombeni ukiufunga leo, hakuna atakayeweza kuutumia. Kibubu chenu kiko salama."

"Na kama yule mgonjwa ndiye Ombeni?"

"Amefungwa na yeye. Miezi mitatu. Hospitali haitaweza kumfanyia lolote kubwa zaidi ya kumfunga bandeji."

"Miezi mitatu na mguu unaooza."

"Njia ya pili, umdhamini yule mgonjwa. Ni wewe au mama yako tu mnaoweza, kwa sababu mnashirikiana naye funguo. Mkimdhamini, kifaa alichoshika kinakuwa ndicho chake, na ile laini nyingine inakufa. Lakini ujue, anayemdhamini mwongo, madhara yote yanalipwa na akiba yake. Sijawahi kuona familia iliyobaki na kitu."

"Na ya tatu?"

"Kuacha. Upeleke malalamiko, wachunguze. Kuna foleni ndefu. Ijumaa haitasubiri foleni."

Vestina akatazama nje. Aliona kwamba kila njia ilimtaka aamue nani ni mdogo wake kwa kukisia tu, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Nikienda Singida kumwona?"

Bi Kiswaga akamtazama kwa mara ya kwanza kwa wasiwasi. "Wewe hujatoka Njombe tangu msiba wa baba yako. Hujaaga. Ukifika Iringa tu, ufunguo wako utaganda. Hutaweza kununua hata maji. Karakana yako itafungwa mpaka uyeyuke."

"Na kibubu?"

"Kibubu hakiwezi kufunguka bila ufunguo wako. Si Ijumaa wala..." Bi Kiswaga akaweka kalamu chini. Alikuwa ameelewa.

"Basi nitajifunga mimi," Vestina akasema.

"Na macho ya mama yako? Nafasi ya daktari itapita."

Hilo ndilo swali alilorudi nalo nyumbani. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi alimweleza Mama kila kitu, akitarajia kilio. Mama alisikiliza, mikono yake ikiwa imetulia juu ya meza.

"Kwa hiyo mmoja wa hao wanaojiita Ombeni si mwanangu," akasema mwishoni.

"Huenda, Mama."

"Na wewe utakapokuwa huko, nitajuaje ni wewe?"

Vestina alichukua mfuko wa masweta ya watoto, akaondoka.

*

Alilipa nauli stendi ya Njombe, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa simu yake kumtii. Ilianza kumwonya walipopita Makambako. Karibu na Iringa kioo kikawa cheupe, na maneno yakatokea: *Mwenendo haulingani.* Tangu hapo hakuwa mtu yeyote. Abiria wa pembeni, binti aliyebeba vifaranga kwenye boksi, alimwona akimeza mate wengine walipokula, akamkatia nusu ya chapati bila kuuliza. Singida alimpa kijana wa bodaboda sweta la kijani kwa ajili ya mtoto wake, naye akampeleka minarani.

Kituo cha afya kilikuwa kidogo na safi, chini ya mlima, na mapanga ya minara yalikuwa yanazunguka juu yake kwa mvumo usiokatika. Tabibu Njiku alikuwa mwembamba, na miwani yake ilishikiliwa na plasta. Alimwongoza mpaka kitanda cha mwisho.

Mtu aliyelala pale uso ulikuwa umevimba upande mmoja, jino la mbele halipo. Ndevu zimeota. Mguu umefunikwa, lakini harufu haikufunikika. Vestina akasimama hatua chache kutoka kitandani. Alikuwa amesafiri siku mbili kuja kumwona mdogo wake, na sasa alishangaa kwamba hata macho yake mwenyewe yalikuwa yanasitasita.

Yule mtu akafumbua macho.

"Umechelewa," akasema kwa hasira. "Siku zote unachelewa."

Vestina akaketi kitandani, akamshika mkono. Ulikuwa wa moto kama sufuria. Akajikuta anamwita jina lake la utotoni, na yeye akageuzia uso ukutani ili asimwone akilia.

Ufunguo wa Vestina ulikuwa umeganda, hakuweza kumdhamini yeyote. Alibaki Mama. Tabibu Njiku akatoa simu yake.

Mama alipokea, akasikia sauti, akakata. Akapigiwa tena, akakata. Mara ya tatu hakukata.

"Mama, ni mimi Vestina. Nimemwona. Ndiye."

"Vestina ana simu yake."

"Imeganda, Mama. Ulijua itaganda. Tuliongea mezani."

"Yeyote anayesikilizia kupitia simu yangu anajua tuliyoongea mezani." Sauti ya Mama ilikuwa baridi kuliko Vestina alivyowahi kuisikia. "Ombeni amenipigia sasa hivi. Taa yake ya kijani, ninaiona hata mimi na macho haya. Amesema mtanipigia. Amesema utalia."

Vestina, ambaye machozi yalikuwa yamekwisha kufika, akayarudisha.

"Basi silii."

Mvumo wa minara ukajaza chumba. Ombeni alikuwa amefumba macho, akitetemeka.

"Huyo tabibu yupo?" Mama akauliza.

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mguu ukoje?"

"Kusema kweli, mama, ni mbaya. Akilala hapa mpaka kesho kutwa, sitakuwa napigania mguu tena. Nitakuwa napigania uhai wake."

Mama akavuta pumzi ndefu. "Sikieni sasa, haidhuru nyie ni nani. Mimi siwezi kuwajua. Nimeshindwa. Nikiwasikiliza wote, wote ni wanangu. Mkiwa wezi, chukueni hayo macho, mkayafanyie mnachotaka, Mungu anawaona. Lakini siwezi kukaa hapa na macho mapya nikitazama picha ya mtoto niliyemwacha aoze kwa sababu ya kanuni." Wakasikia kiti kikisogezwa. "Tabibu, niambie nibonyeze wapi."

*

Gari la wagonjwa lilimchukua Ombeni kabla ya jua kuzama, na hospitali ya mkoa ikampokea bila swali. Vestina alisubiri kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Tabibu Njiku alikuwa amempa simu ile akae nayo, kwa kuwa sasa ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mgonjwa.

Ikaita. Namba ngeni. Akapokea, akanyamaza.

"Da Vesti." Sauti ya Ombeni, safi, yenye uchungu. "Dada, mmenifanya nini? Laini yangu imekufa, hii nimeazima. Mmemdhamini tapeli."

Vestina akaibana simu sikioni.

"Umemwona uso? Umevimba, sivyo? Jino halipo. Umewahi kujiuliza kwa nini? Mtu anaweza kuvimbishwa, dada. Uliingia mle ukiwa umechoka, una njaa, unataka awe mimi." Sauti ikakatikakatika, na kilio kile kilikuwa cha mdogo wake kabisa. "Uliona kovu langu la mguuni? Uliangalia?"

Hakuwa ameangalia. Akatazama mlango uliofungwa wa chumba cha upasuaji. Kwa kitambo kirefu hakumjua aliyekuwa nyuma ya mlango ule.

"Uko wapi?" hatimaye akauliza.

"Nini?"

"Niambie ulipo. Nitakuja. Nimeshazoea kutembea bila ufunguo. Hata kwa miguu nitakuja."

Sauti ikabadilika, ikawa ya upole na yenye busara. "Dada, hayo si mambo ya kusema mtandaoni. Unazijua kanuni. Mtu hataji alipo."

"Huyu alitaja," Vestina akasema, akakata.

Ombeni alipotolewa, akiwa bado hajazinduka, Vestina alifunua shuka na kuutazama mguu wote mpaka muuguzi akamuuliza anatafuta nini. Kovu kama lilikuwepo, lilikuwa chini ya bandeji. Akaurudishia shuka. Mguu ulikuwa umeokolewa, ingawa daktari alisema hatapanda minara tena.

Akiba haikuguswa. Wiki chache baadaye wachunguzi waliikuta simu ya Ombeni palepale Singida, imefungwa kwenye mkono wa mashine ndogo iliyoitikisa kwa mwendo wa hatua za Ombeni, ikinunua mkate wake kila asubuhi. Aliyeiweka hakupatikana. Nafasi ya Mbeya ilikuwa imepita, na Mama akaandikiwa nyingine ya mwaka unaofuata, kama macho yangevumilia.

Vestina alirudi Njombe kwa nauli aliyolipiwa na wafanyakazi wenzake Ombeni wa minarani. Ilikuwa mchana wa baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Alibisha hodi nyumbani kwao, kwa kuwa mlango nao ulikuwa haumtambui.

"Nani?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Mimi, Mama. Vestina."

Akasikia kandambili zikikaribia, kisha zikasimama. Mama alikuwa upande wa pili wa ubao, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilisikika. Vestina alitaka kuongeza neno, kitu chochote ambacho yeye tu angeweza kukijua. Hakukipata. Akasimama kwenye ukungu, akiwa ameweka kiganja mlangoni.

Muda ukapita. Kisha komeo likavutwa.